Je, Wajua? Nesi Akiuliza Mlango Ukiwa Umefungwa

Je, wajua kwamba karatasi huambiwa kidogo kuliko mtu? Mwaka 1991 Judith McFarlane, muuguzi na mtafiti wa Texas nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake utafiti mwepesi kabisa kuueleza. Wanawake waliofika kliniki ya uzazi wa mpango walipewa fomu wajaze wenyewe, na humo mlikuwa na maswali kuhusu kupigwa na kuumizwa na mume au mpenzi. Waliojibu ndiyo walikuwa kama 8 katika kila 100. Kundi jingine likaulizwa maswali yale yale na nesi, uso kwa uso. Safari hii waliojibu ndiyo wakawa 29 katika kila 100.

Maswali hayakuongezwa hata neno. Ila kulikuwa na mtu aliyeuliza, akanyamaza, akangoja. Tangu nizisome namba hizo mbili, 8 na 29, kila nikipita nje ya zahanati najiuliza ni akina mama wangapi wametoka humo na vidonge vya kichwa mkononi bila kuulizwa kitu.

Je, wajua benchi la kliniki ya wajawazito? Aliyewahi kulikalia analijua vizuri. Foleni tangu alfajiri, kadi mkononi, mlango wa chumba cha kupimia umeegeshwa tu, na sauti ya nesi inamfikia hadi aliyeketi mwisho. Mume akija huingia na mkewe, na mara nyingi yeye ndiye anayejibu. "Analala vizuri?" "Analala." "Anakula?" "Anakula sana." Mke anatazama vidole vyake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba mwanamke asiulizwe kuhusu kipigo isipokuwa akiwa peke yake, na penye faragha. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kazi hii ni mlango unaofungika, na hicho hakiagizwi bohari ya dawa.

Je, wajua kwamba mimba haimkingi mwanamke na ngumi? Mwaka 1992 McFarlane, Barbara Parker ambaye naye ni muuguzi, na wenzao walitoa matokeo ya wajawazito 691 wa Houston na Baltimore, wakiwamo Weusi, Wazungu na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mmoja kati ya sita alikuwa ameumizwa akiwa na mimba ile ile. Tena waliopigwa walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi ya wenzao wa kuanza kliniki katika miezi mitatu ya mwisho.

Nakuomba, nesi unayesoma hapa, urudie sentensi hiyo ya mwisho. Mama anaingia na tumbo la miezi saba, anafokewa mbele ya wenzake: mbona umechelewa, ulikuwa wapi siku zote? Huenda alikuwa anangoja uvimbe wa jicho ushuke.

Je, wajua ya kwetu? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wajawazito 1,180 waliohudhuria Muhimbili jijini Dar es Salaam waliulizwa, na 27 katika kila 100 walikuwa wamepigwa au kulazimishwa tendo la ndoa katika mimba waliyokuwa nayo. Moshi nako, wajawazito 1,112 walifuatiliwa hadi kujifungua. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliopigwa walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kuzaa kabla ya siku kutimia au kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Mtoto anafika kwenye mizani ya wodi akiwa tayari amelipa sehemu yake.

Je, wajua kwamba kalenda ya kawaida, kama ile ya ukutani inayotolewa dukani mwisho wa mwaka, inaweza kuwa kipimo cha hatari ya kifo?

Hapa nitatulia kidogo. Jacquelyn Campbell alikuwa nesi wa shule huko Dayton, jimbo la Ohio. Msichana mmoja aliyemfahamu kupitia kazi hiyo aliuawa na mwanamume wake. Campbell alipofika kwenye tasnifu yake ya uzamili akaenda kuyafungua mafaili ya polisi ya wanawake waliouawa mjini humo. Aliwakuta waliouawa na waume, wapenzi, au wanaume waliokwishaachana nao. Kitu kilichomkaa moyoni, na kilichomwongoza miaka yote iliyofuata hadi akawa profesa wa uuguzi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilikuwa hiki: vifo hivi huwa na dalili, na dalili ni kazi ya nesi.

Katikati ya miaka ya 1980 akatunga kipimo. Mwanamke anapewa kalenda ya miezi 12 iliyopita na kalamu. Anatia alama kila siku aliyopigwa, kisha kila alama anaipa namba. Moja ni kofi au kusukumwa bila maumivu ya kudumu. Mbili ni ngumi na mateke yaliyoacha alama. Tatu ni kipigo cha kuvunja mfupa au kuunguza. Nne ni kutishiwa silaha, au kuumizwa kichwa au viungo vya ndani. Tano ni silaha kutumika.

Jaribu kuiona kalamu hiyo inavyosogea. Nani anakumbuka tarehe? Anakumbuka sikukuu, kwamba ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, kwa sababu hakwenda kuswali. Anakumbuka wiki mtoto alipoanza darasa la kwanza, kwa sababu hakumpeleka yeye. Mwezi wa tatu una alama moja. Mwezi wa sita zipo tatu. Mwezi wa tisa anaacha kuhesabu, anaangalia tu. Campbell aligundua kwamba katika wanawake ambao mwanzoni walisema kipigo hakijazidi, 38 katika kila 100 walibadilisha jibu baada ya kuijaza kalenda. Hakuna aliyewaambia chochote. Waliyaona wenyewe, kwa mwandiko wao.

Baada ya kalenda huja maswali ya ndiyo au hapana, ambayo leo ni 20. Ana bunduki? Hana kazi? Alishakupiga ukiwa mjamzito? Anakufuatafuata? Ameshatishia kukuua? Je, wewe mwenyewe unaamini anaweza kukuua?

Je, wajua jibu la swali hilo la mwisho linavyopaswa kupokelewa? Mwaka 2003 Campbell na wenzake walichapisha utafiti wa miji 11 ya Marekani. Ulihusu wanawake 220 waliouawa, na waliozungumza kwa niaba yao ni ndugu na rafiki zao. Wakalinganishwa na wanawake 343 waliopigwa lakini wakabaki hai. Mwanamume mwenye bunduki aliongeza hatari ya mauaji zaidi ya mara tano. Mwanamume asiye na kazi aliiongeza karibu mara nne. Na karibu nusu ya wanawake waliouawa, au waliokoswakoswa, hawakuwa wameitambua hatari iliyokuwa mbele yao. Basi mwanamke akikuambia "huyu ataniua", mwamini papo hapo. Akikuambia "hawezi, ni hasira tu", endelea kuuliza.

Nyongeza ndogo: katika utafiti huo huo, takriban wanne kati ya kila wanawake kumi waliouawa walikuwa wamefika kwenye huduma za afya ndani ya mwaka wao wa mwisho. Walikuja. Walipimwa presha.

Je, wajua tofauti ya kukabwa na kunyongwa? Nesi akikuuliza kama ulishawahi kunyongwa, akili inakwenda kwenye kitanzi, unasema hapana. Akikuuliza kama alishawahi kukukaba, kukushika koo hadi pumzi ikakata, au kukupiga kabali, unaweza kusema ndiyo, mara mbili, ile ya pili nikaona giza. Nancy Glass, muuguzi, akiwa na Campbell na wengine, alionyesha mwaka 2008 kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwanamume wake ana hatari zaidi ya mara saba ya kuja kuuawa naye. Kofi moja na mkono mmoja shingoni haviko daraja moja, hata kama vyote vimeisha kwa "samahani mke wangu".

Na alama je? Huko San Diego kesi 300 za kukabwa zilipitiwa upya, matokeo yakatoka mwaka 2001. Nusu nzima hazikuwa na jeraha lolote la kuonekana kwa macho, na nyingine 35 katika kila 100 jeraha lilikuwa dogo mno hata kupigwa picha. Wauguzi waliofundishwa wanatafuta kwingine: sauti iliyokauka, kumeza kwa shida, vidoti vyekundu ndani ya kope, kujikojolea wakati wa tukio. Hili la mwisho mwanamke halisemi kamwe asipoulizwa, kwa aibu, na ndilo linaloeleza ubongo ulikosa hewa kiasi gani.

Je, wajua kwamba taa ina ubaguzi? Kwa miaka mingi vitabu vya kufundishia vimeeleza alama ya kipigo kwa rangi zake kwenye ngozi nyeupe: bluu, kijani, njano. Kwenye ngozi kama yetu rangi hizo hazionekani hivyo, na mwenye kuandika ripoti anaandika "hakuna jeraha". Muuguzi mtafiti Katherine Scafide wa Chuo Kikuu cha George Mason na timu yake walichukua watu wa kujitolea 157 wenye rangi mbalimbali za ngozi, wakawaangalia michubuko yao kwa mwanga mweupe wa kawaida, kisha kwa mwanga maalumu wa zambarau kupitia miwani ya njano. Mwanga ule ulikuwa bora mara tano katika kuuona mchubuko. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Mimi nilipoyasoma sikufikiria maabara, nilifikiria mahakama ya mwanzo na mama aliyesimama pale akiambiwa mbona huna alama.

Je, wajua kwamba kusahau sahau kunaweza kuwa jeraha? Campbell na wauguzi wa Visiwa vya Virgin vya Marekani waliungana kuwachunguza wanawake Weusi wa Baltimore na wa visiwa hivyo vya Karibea. Waliopigwa kichwani au kukabwa walilalamika zaidi kuhusu kizunguzungu, kupoteza kumbukumbu, kuzimia, macho na masikio. Nani kati yetu hajasikia mwanamke akiitwa "amechanganyikiwa" mtaani?

Je, wajua kwamba utulivu si ushahidi wa uongo? Mwaka 1972 Ann Burgess, muuguzi wa magonjwa ya akili, na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walianza kukesha katika chumba cha dharura cha hospitali ya jiji la Boston. Kila aliyeletwa baada ya kubakwa, waliitwa, saa yoyote ya usiku. Makala yao ya mwaka 1974 ilieleza aina mbili za wanawake walizoziona, karibu nusu kwa nusu. Kuna waliolia, kutetemeka na hata kucheka ovyo. Na kuna walioketi kimya, nguo zimenyooshwa, wakijibu kama wanaoulizwa bei ya nyanya. Wote walikuwa wamebakwa.

Hong Kong sasa. Je, wajua kwamba nusu saa inaweza kufaa kitu? Agnes Tiwari, muuguzi, aliwapata wajawazito 110 waliokuwa wakinyanyaswa na waume zao. Nusu walipewa mazungumzo ya takriban dakika 30 kuhusu usalama wao na uamuzi wao. Mpango aliutoa Marekani, kwa Parker, lakini hakuutumia ulivyo. Alijua mwanamke wa Kichina aliyefundishwa kuwa aibu ya nyumba haivuki kizingiti hawezi kuanza kupanga mikakati na mgeni, kwa hiyo akaongeza kusikilizwa kwanza, kusikilizwa hasa, bila haraka. Matokeo ya mwaka 2005: manyanyaso ya maneno na kipigo kidogo vilipungua, na huzuni baada ya kujifungua ikapungua. Kipigo kikali hakikupungua. Nampenda mtafiti anayesema na hilo la mwisho.

Huku kwetu aibu hiyo ina mafundisho yake. Mwali hufundwa, na katika mengi mazuri anayofundwa humo ndani, mna neno moja zito: vumilia. Utafiti wa afya wa taifa la Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana, akitoka bila kuaga, akiwatelekeza watoto au akikataa tendo la ndoa. Waliokubali angalau sababu moja walikuwa 58 katika kila wanawake 100. Kwa wanaume walikuwa 40.

Ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mume au mke kumchapa mwenzake. Imekuwapo miaka zaidi ya hamsini.

Je, wajua kwamba Campbell, kabla ya takwimu zake kuwa maarufu, alishirikiana na wanaanthropolojia? Pamoja na Dorothy Counts na Judith Brown alihariri kitabu kilichotoka mwaka 1992 kuhusu kupigwa kwa wake katika jamii mbalimbali za dunia. Mojawapo ya sura zake inawahusu Wape wa Papua New Guinea, ambao wanaume wao hawapigi wake zao, ingawa majirani zao wanapiga. Walichokiona wahariri, kwa ufupi, ni kwamba kipigo hupungua makali pale penye vitu viwili: jamii inayomwadhibu mpigaji, na mahali pa mke kukimbilia.

Mahali pa kukimbilia twapajua. Panaitwa kurudi kwao. Mwanamke anabeba mtoto na kifurushi, anafika kwa wazazi usiku. Na kinachotokea kesho yake asubuhi, mshenga akija na mume akiwa ameinamisha kichwa, ndicho kinachoamua kama pale palikuwa kimbilio au kituo cha basi.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam na Mbeya zimo katika utafiti mkubwa kabisa wa aina hii uliowahi kufanywa na Shirika la Afya Duniani? Ripoti yake ilitoka mwaka 2005: wanawake zaidi ya 24,000, nchi 10, kuanzia Japani hadi Peru, Samoa hadi Namibia. Waliowahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mume au mpenzi walikuwa 15 katika kila 100 kwenye mji wa Japani, na 71 katika eneo la mashambani la Ethiopia. Dar es Salaam walikuwa 41. Mbeya 56. Kuna wanaosema wanaume ndivyo walivyoumbwa. Kama ni maumbile, mbona kati ya 15 na 71 pana nafasi kubwa hivyo?

Je, wajua walivyouliza? Hawakutumia neno "ukatili" wala "kunyanyaswa". Waliuliza tendo kwa tendo. Amewahi kukupiga kofi, au kukurushia kitu? Kukusukuma? Kukupiga ngumi? Kukuburuta? Kukukaba, au kukuunguza kwa makusudi? Neno "kunyanyaswa" kila mtu ana kipimo chake, na wengine kipimo chao kiko juu mno. Kofi ni kofi, Mbeya na Lima ya Peru.

Na kadi ya sura mbili je? Mwisho wa mahojiano, mwanamke alipewa kadi yenye picha ya uso unaotabasamu na uso unaolia. Aliambiwa atie alama chini ya uso unaolia ikiwa aliguswa au kuingiliwa akiwa bado mtoto, kisha aifunge mwenyewe kwenye bahasha isiyo na jina. Hata asiyejua kusoma aliweza. Katika maeneo mengi, waliokubali kwa kadi walizidi waliokubali kwa mdomo. Nilianza kwa kusema karatasi huambiwa kidogo, na hapa karatasi imeambiwa zaidi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani habari ya mume inahitaji mtu wa kuipokea, na habari ya utotoni, ambayo mara nyingi ni ya mjomba au jirani, inahitaji bahasha.

Je, wajua kuhusu virusi vya Ukimwi? Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wanawake waliokuja kupima kwa hiari, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwakuta wenye umri chini ya miaka 30 walio na virusi wakiwa na uwezekano mara kumi wa kusema wamepigwa na mwenzi wao kuliko wenzao wasio na virusi. Ushauri wa "mwambie atumie kondomu" unamwendea mwanamke ambaye hana nafasi ya kusema neno.

Je, wajua kwamba nguruwe nao wameingia katika utafiti wa uuguzi? Walungu, Kivu ya Kusini, nchi ya Kongo, eneo lililoathiriwa na vita. Nancy Glass, yule wa utafiti wa kukabwa koo, alishirikiana na Wakongomani katika mradi wa kukopesha nguruwe. Familia inapewa mtoto wa nguruwe. Akikua na kuzaa, familia inarudisha vitoto viwili vya uzao wa kwanza, kimoja deni na kimoja riba, navyo vinakwenda kwa jirani. Nyumba zaidi ya 800 katika vijiji 10 zilifuatwa. Baada ya miezi 18, waliopata nguruwe walikuwa na afya bora, wasiwasi umepungua, na zile ndoto za vita zimepungua. Kipigo cha nyumbani nacho kilishuka, lakini kilishuka hata kwa wasiopata, hivyo hatuwezi kumpa nguruwe sifa hiyo. Anabaki na nyingine nyingi: ada ya shule, na mwanamke mwenye mali inayokoroma nyuma ya nyumba.

Na neno letu "sasa"? Kampala kuna mpango unaoitwa SASA!, uliotungwa na shirika la Raising Voices, na jina ni hilo hilo la Kiswahili. Gereji, saluni, sokoni, majirani huzungumza na majirani kuhusu nguvu ndani ya nyumba. Ulipopimwa, matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha kipigo cha mwaka uliotangulia kiko chini kwa 52 katika kila 100 kwenye mitaa iliyoupata kuliko isiyoupata.

Rwanda nako, kituo cha msaada cha Isange kilifunguliwa Kacyiru, Kigali, mwaka 2009: nesi, polisi na mshauri chini ya paa moja. Zanzibar vituo kama hivyo vinaitwa Mkono kwa Mkono, na sijui jina zuri kuliko hilo.

Je, wajua kwamba kuondoka hakumalizi? Wauguzi wa Kanada, Marilyn Ford-Gilboe, Judith Wuest, Colleen Varcoe na wenzao, waliwafuatilia wanawake 309 waliokuwa wameshaachana na wapigaji wao, kwa wastani miezi 20 nyuma. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na maumivu ya kudumu makali kiasi cha kuwazuia kufanya kazi zao. Mgongo, kichwa, viungo. Baadaye, huduma waliyoiunda kwa wanawake hao ilipopelekwa kwa wanawake wenyeji asilia wa Kanada, ilibadilishwa: wazee wa jamii waliongoza duara la mazungumzo, na nesi akaketi ndani ya duara kama wengine.

Je, wajua kwamba anayeuliza naye huenda anaficha? Katika utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2010, takriban mmoja kati ya wauguzi wanne wanawake alikuwa amewahi kupigwa au kulazimishwa na mwenzi wake. Rose Laisser, aliyefanya majaribio ya kuwauliza wagonjwa wa nje katika hospitali ya Temeke, Dar es Salaam, ameandika jinsi watumishi wa afya wanavyovutwa huku na huku: mafunzo yanasema uliza, na jamii waliyokulia inasema usiingilie ya watu. Tunapomdai nesi awe jasiri, na yeye aulizwe hali yake, kwa mlango uliofungwa.

Je, wajua kwamba nesi hatakiwi kumwambia mwanamke "mwache huyo mume"? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unamtaka asikilize, aulize anachohitaji, amwonyeshe kuwa anamwamini, waangalie pamoja usalama wake, kisha amuunganishe na msaada. Kuamua ni kwa mwanamke. Hatari huweza kupanda siku anayofunga mizigo, na anayelala na hatari hiyo kitanda kimoja ndiye anayejua saa zake.

La mwisho. Je, wajua wahojaji wa utafiti ule wa nchi 10 walivyofundishwa kuingia nyumbani? Nyumba moja, mwanamke mmoja tu, ili mwingine asijue kilichoulizwa. Kwa majirani ni utafiti wa afya na maisha ya wanawake, basi. Mtoto aliyezidi miaka miwili hatakiwi kuwapo, maana atasimulia. Na kwapani, chini ya dodoso la kweli, pana karatasi ya pili yenye maswali ya uzazi wa mpango. Wameshakubaliana kabla: mtu akiingia, tunahamia huku.

Mlango unasukumwa. Mama mkwe ameingia na ungo wa mchele, anaketi, anachambua. "Na huyu mdogo," mhojaji anauliza, kalamu ikiwa imeshahama ukurasa, "mlipanga apishane na mkubwa wake miaka mingapi?" Mke anajibu miaka mitatu. Wanazungumza sindano, wanazungumza vidonge. Mama mkwe anachangia, yeye alizaa tisa. Mchele unakwisha, anainuka, anatoka, ndala zake zinasikika hadi jikoni. Mhojaji anafunua ukurasa wa nyuma. Mke ndiye anayeanza: "Tulifika kwenye kukaba."